Somo la Familia: Tupigie Simu, Tutakuja

Andiko: Methali 23:29–35

Wiki hii tunaomba wazazi na vijana wasome somo hili pamoja, mezani baada ya chakula.

Andiko letu linamfananisha mlevi na mtu aliyelala katikati ya bahari. Anaumia, wala hana habari. Hapo ndipo hatari inapoanzia: pombe huvuruga akili ile ile ambayo ingetuambia kwamba tumelewa. Ndiyo maana dereva mlevi husema, “Mimi niko sawa.”

Tupige hesabu. Katika barabara ya Sultan Qaboos, gari likienda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, mita hizo 28 zimekwisha. Kahawa au kuoga maji baridi hakuondoi pombe mwilini. Ini hufanya kazi yake polepole, kwa saa nyingi.

Hapa Oman, kuendesha gari umelewa ni kosa lenye faini na kifungo, na mgeni anaweza kurudishwa kwao. Wengi wetu tunaishi hapa kwa kibali cha mzazi mmoja. Kosa la usiku mmoja linaweza kuigusa familia nzima.

Vijana, wengi wenu hamjafika miaka 18 ya kupata leseni. Hatari iliyo karibu nanyi ni kiti cha abiria. Sherehe imekwisha, rafiki mkubwa amekunywa, naye ndiye mwenye ufunguo. Unaogopa kupiga simu, maana baba atajua ulikuwa penye pombe. Basi unaingia garini, unafunga mlango.

Wazazi, hofu hiyo mara nyingi tumeipanda sisi wenyewe. Tuahidi leo: mtoto akipiga simu, hata saa nane za usiku, tutamfuata au tutalipa teksi. Njiani hatutagomba. Mazungumzo yatakuwa kesho, na yatakuwepo kweli, kwa maana kumpokea mtoto si kuhalalisha kosa. Lakini anayeweza kukanywa ni yule aliyefika nyumbani salama.

Tena tujichunguze. Tukitoka kwenye karamu ya Alhamisi usiku na kushika usukani baada ya “mbili tu”, watoto walioketi nyuma wanajifunza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tujadiliane nyumbani:

1. Kijana, ni jambo gani lingekuzuia kutupigia simu?
2. Mzazi, ukipigiwa usiku, neno lako la kwanza litakuwa lipi?
3. Tukiona dereva amelewa na anataka kuondoka, tufanye nini? (Namba ya polisi ni 9999.)

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kukataa lifti mbaya, na moyo wa kumpokea mtoto anayeomba msaada. Amina.