Ganzi Inayobaki: Tendo la Ndoa Baada ya Kuacha Dawa za Sonona
Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi

Kijitabu hiki kinamhusu mtu aliyetibiwa sonona au wasiwasi uliopitiliza, akapata nafuu, akaacha dawa, lakini chumbani hajarudi alivyokuwa. Hamu imekauka. Sehemu za siri zina ganzi. Akifika kileleni hasikii raha, au hafiki kabisa. Mwanaume anaweza kupungukiwa nguvu za kiume, mwanamke akawa mkavu na kuumia. Wapo wanaosema hata furaha ya harusi na uchungu wa msiba hawavisikii kama zamani. Dawa wameziacha miezi mingi, pengine miaka, na hali ni ileile.

Hali hii ipo na mamlaka za dawa zinaitambua. Mwaka 2019 kamati ya usalama wa dawa ya Shirika la Dawa la Ulaya ilipendekeza karatasi za maelezo zinazofungwa na baadhi ya dawa za sonona ziseme wazi kwamba matatizo ya tendo la ndoa yanaweza kuendelea hata baada ya mgonjwa kuacha dawa. Mwaka 2021 Kanada nayo ilitoa tahadhari kama hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa Kilimarondo au Mbekenyera anayemweleza tabibu kuwa mwili wake umebaki na ganzi hajatunga, hajarogwa, wala hajamchoka mwenzake.

Dawa zinavyogusa mwili

Katika vituo vyetu vya serikali dawa za sonona zinazojulikana zaidi ni amitriptilini, vidonge vinavyomezwa usiku, na fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20 ambayo wengi huimeza asubuhi. Sertralini na sitalopramu hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa na maduka ya dawa ya mijini. Tahadhari za Ulaya na Kanada zililenga hasa fluoksetini na ndugu zake hao. Zote zinafanya kazi kwa kugusa serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana taarifa kwayo. Kazi hiyo ndiyo humwinua mtu kitandani, akala, akalala, akarudi shambani. Ila serotonini hiyohiyo hupunguza hamu na kuchelewesha kilele, na haiko kichwani peke yake. Iko pia kwenye uti wa mgongo, na kwenye njia za fahamu zinazofika nyonga.

Ndiyo maana usumbufu huu ni wa kawaida wakati mtu bado anameza dawa. Watafiti wa Hispania waliowafuatilia wagonjwa 344 walichapisha mwaka 1997 jambo ambalo kila mhudumu wa afya wilayani angepaswa kulijua. Waliposubiri wagonjwa waseme wenyewe, ni 14 tu kati ya kila 100 waliotaja tatizo la tendo la ndoa. Walipowauliza moja kwa moja, walikuwa 58 kati ya 100. Kama huko walinyamaza hivyo, fikiria benchi la hospitali yetu, ambako anayekaa pembeni yako ni shemeji na anayeita majina ni jirani wa mama mkwe.

Kwa walio wengi hali hurudi kawaida siku au wiki chache baada ya kuacha. Fluoksetini huchelewa kutoka mwilini na inaweza kuchukua wiki 5 au zaidi, kwa hiyo aliyeiacha wiki iliyopita bado yumo ndani ya dawa. Vigezo vya wataalamu vilivyochapishwa mwaka 2022 vinataka ipite angalau miezi 3 tangu kidonge cha mwisho kabla ya kusema kwamba tatizo limebaki, na alama wanayoitazama kwanza ni kupungua kwa hisia sehemu za siri. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa mwanaume 1 kati ya 216 waliotumia dawa hizi hubaki na upungufu wa nguvu za kiume usioondoka. Ni wachache. Lakini dawa zinamezwa na mamilioni ya watu duniani, na huyo mmoja ana nyumba na mwenza.

Usiache dawa kwa sababu ya kijitabu hiki

Ukiwa unatumia dawa sasa, endelea. Sonona isiyotibiwa huua watu, na yenyewe huondoa hamu ya tendo la ndoa kabla ya kidonge chochote. Kinachotuumiza ni namna watu wetu wanavyoacha. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho unafika, shamba liko mbali, siku ya kliniki inapita. Au nauli ya kwenda hospitali haikupatikana. Au mtu ameambiwa dawa zimeisha, arudi mwezi ujao. Anakata ghafla, kisha kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za ghafla vinamfanya aamini ugonjwa umerudi. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, ukishauriana na aliyekuandikia. Na ukiona mabadiliko chumbani wakati bado unazitumia, sema mapema. Kipo cha kufanya: kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza tiba ya mazungumzo.

Kutafuta chanzo kingine kwanza

Kabla ya kuzilaumu dawa za sonona, pima sukari na presha. Kisukari huharibu mishipa na fahamu kimyakimya. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu, na haloperidoli na kloropromazini, zinazotolewa kwenye kliniki hizihizi za afya ya akili, zinaweza kuondoa hamu. Kukoma hedhi huleta ukavu. Pombe nayo ihesabiwe bila kuficha, hasa msimu wa mabibo ambapo uraka uko kila kona.

Iko tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuiona. Mwenye kisukari mara nyingi hamu anayo ila mwili haumtii. Kwa tatizo tunalolizungumza, hamu na hisia huweza kuondoka pamoja, na mtu akikumbuka vizuri mara nyingi anaona mambo yalianza siku au wiki za mwanzo za kumeza dawa. Angalia unapooga. Maji ya baridi yakipita pajani unashtuka. Yakifika sehemu za siri ni kama yamemwagwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Mweleze tabibu hivyohivyo. Maelezo ya namna hiyo yatamsaidia kuliko kusema “sijisikii vizuri”.

Ndani ya chumba cha daktari

Wengi hushindwa mlangoni. Jiandae na maneno ukiwa nyumbani. Unaweza kusema: “Shikamoo daktari. Naomba tufunge mlango, nina jambo la siri. Nilimeza fluoksetini tangu Machi mpaka Novemba mwaka juzi. Sonona imeisha, namshukuru Mungu. Lakini tangu mwezi ule wa kwanza sina hamu ya tendo la ndoa, na huku chini nina ganzi. Nimeshaacha dawa na ganzi haijaondoka.” Mwanamke ana haki ya kuomba kuzungumza na muuguzi mwanamke, na mwanaume kumwomba mwanaume mwenzake. Nenda na daftari lako la matibabu.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, ukamwulizie Mratibu wa Afya ya Akili wa Wilaya. Walio upande wa Mnero wana hospitali ya misheni palepale. Ikihitajika rufaa, ipo Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, na Ndanda iko jirani kwa watu wa Nachingwea. Ngazi ya taifa ni Muhimbili, na Mirembe iliyoko Dodoma.

Kwa mhudumu wa afya anayesoma hapa tuna ombi. Mgonjwa akikueleza hali hii usimwambie ni mawazo tu, na usimwandikie tena dawa ileile bila kulijadili. Kama hujawahi kusikia habari hii, mwambie utaiuliza, na kweli uiulize.

Wanaouza matumaini

Hadi sasa hakuna tiba iliyothibitishwa kuondoa ganzi hii. Tunalisema wazi kwa sababu wanaosema vinginevyo wanachukua pesa za korosho na ufuta za watu walioumia. Sildenafili husaidia damu kufika kwenye uume. Hairudishi hamu wala hisia, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kuua. Vumbi la Kongo na unga mwingine wa nguvu unaotembezwa minadani haumwambii mnunuzi kilichomo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa na sildenafili hiyohiyo kwa siri, bila kipimo. Mgonjwa wa presha anayelamba unga huo anacheza na uhai wake.

Wapo wanaopata nafuu kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, wengine hisia zinarudi na kupotea tena. Usingizi wa kutosha, kuacha pombe na sigara, na kutibu kisukari au presha iliyojificha huusaidia mwili kwa ujumla. Kwa ukavu, tumia kilainishi cha maji. Ukitumia mafuta ya kupaka pamoja na kondomu, kondomu inaweza kupasuka.

Nyumbani

Huku kwetu kusini mambo ya chumbani hayakuwahi kukosa walimu. Unyagoni mwali hufundishwa na kungwi, na jandoni vijana huwa na mafunzo yao. Hiyo ni hazina. Lakini mafunzo hayo yalitangulia dawa hizi za sonona, na mwanamke ambaye mwili wake hauitikii anaweza kudhaniwa hakushika alichofundishwa, au ana mwingine. Tunawaomba makungwi na masomo: mtu akikujia na shida hii, kabla hujampa dawa ya mizizi au kumkanya, muulize kama amewahi kutibiwa sonona.

Wenza huumizana zaidi kwa ukimya. Mume anageukia ukutani kila usiku, mke anahesabu makosa yake. Chagueni wakati ambao hakuna anayetarajia kitu, mkiwa njiani kutoka shamba au mkibangua korosho barazani watoto wakiwa mbali. “Mama watoto, sijakuchoka. Zile dawa nilizomeza zimeniachia ganzi. Nilikuwa naona haya kukuambia.” Naye ajibu kwa moyo wake, hata kama ni kwa machozi. Baadaye mtajua nini bado kinawezekana kati yenu: kushikana, kukandana mgongo, kulala mmekumbatiana bila kulazimika kufika popote. Kumbukeni pia kwamba ganzi haizuii mimba. Uzazi wa mpango uendelee kama kawaida.

Kama mtu anasema maisha hayana maana tena, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, asiachwe peke yake. Ondoeni sumu za mikorosho na kamba karibu naye, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku. Mwambieni mtoa huduma ukweli wote, pamoja na habari ya chumbani, maana mara nyingi hapo ndipo uchungu ulipo. Na kama sonona imerudi, itibiwe. Daktari akijua yaliyokupata ataweza kuchagua njia nyingine.

Toa taarifa

Nchi yetu ina utaratibu wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa kupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi ya kanda Mtwara. Mwombe mhudumu wa kituo chako ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara. Haihitaji uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka inatosha. Andaa jina la dawa, kipimo, mwezi ulioanza na mwezi ulioacha, dalili zako, na dawa nyingine ulizokuwa ukitumia. Kama pakiti unayo, ipeleke, kwa sababu ina namba ya toleo. Kama ilishatupwa, taja kituo ulichochukulia dawa na mwezi wenyewe, ili mhudumu atafute kwenye rejista.