Somo: Kabla ya Kubadilisha Kemshafti ya Gari la Kikundi



Vikundi vingine vina gari la kubeba mazao, kama Probox. Fundi akisema, "Tutie kemshafti ya mbio, gari lipate nguvu," tufikirie kwanza.

Kemshafti hufungua na kufunga vali. Krenki ikizunguka mara 2, kemshafti huzunguka mara 1. Ile ya mbio hufungua vali zaidi na kwa muda mrefu. Nguvu huongezeka injini ikienda kasi sana. Ikienda polepole, nguvu hupungua. Na sisi twapanda mlima na magunia, hatushindani.

Tena, injini za siku hizi huongozwa na kompyuta. Isipopangwa upya, injini hutetemeka na kula mafuta. Taimingi ikikosewa, vali zaweza kugonga pistoni, na hapo akiba ya kikundi imekwisha.

Mkikubaliana kubadilisha, fundi alinganishe alama, kisha azungushe krenki kwa spana mizunguko 2 kamili kabla ya kupiga stata. Ikikwama, asilazimishe.

Tujadiliane:
1. Gari letu lafanya kazi gani hasa?
2. Nguvu ikipungua, tumeangalia plagi, filta na kompresheni?
3. Nani huidhinisha gharama kabla fundi hajafungua injini?