UMEME NA NJIA YAKE: SOMO KWA WATOTO WA SHULE NA WAZEE WAO

Umeme si kitu cha mjini tu tena. Mwaka 1908, Wadachi walipouleta Dar es Salaam, uliwaka katika karakana ya reli na katika sehemu ya mji waliyokaa wao, na watu wengine wote waliendelea na vibatari vyao. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 2005 iliyoleta Wakala wa Nishati Vijijini, nguzo zimeingia katika vijiji vingi ambavyo wazee wetu hawakudhani kuwa vitaona taa isiyotiwa mafuta.

Twafurahi kwa neema hiyo. Lakini mgeni huyu ana nguvu nyingi na hana macho. Hamjui mwenye nyumba, wala hambagui mtoto na mtu mzima. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza asili ya kazi yake, ili walimu wapate la kufundisha, na wenyeviti wa vijiji na mitaa wapate la kuwaambia watu wao.

JAMBO LILILOTUKIA KIPAWA

Twaanza na habari tuliyoiona kwa macho yetu. Kipawa ni kata ya Dar es Salaam iliyo karibu na uwanja wa ndege, na watu wake wamekaa na umeme kwa muda mrefu. Huko tulipanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, yenye mita moja ya LUKU. Kila jioni, wakati wa kupika, fyuzi ilikatika na nyumba ikawa giza. Watu walinung'unika, wakasema kuwa fyuzi ni mbovu. Mwisho mmoja wetu akatia kipande cha waya nene ya shaba mahali pa fyuzi. Taa zikawaka, hazikuzimika tena, naye akasifiwa kuwa ni fundi.

Siku ya nne, usiku, tulisikia harufu ya mpira unaoungua. Moshi ulikuwa ukitoka darini, juu ya chumba walimolala watoto watatu. Jirani mmoja alikimbilia swichi kubwa akaizima, na wengine wakawatoa watoto. Mbao mbili za dari ziliungua. Mungu akatuepusha na zaidi. Sasa na tuulize: kosa lilikuwa la nani? Ili tujibu, hatuna budi kwanza kujifunza jinsi umeme unavyokwenda.

NJIA YA DUARA

Watu wengi hudhani kuwa umeme huja kwa waya kama maji katika bomba, ukifika katika taa ukanywewa ukaisha. Sivyo. Umeme hautumiki ila upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia hiyo kamili, isiyokatika mahali popote, huitwa sakiti.

Tazameni mnyororo wa baiskeli. Mguu hukanyaga pedeli, na mnyororo wote hujongea pamoja, ukavuta gurudumu la nyuma, ukarudi mbele tena. Mnyororo haupungui hata pingili moja; kinachotumika ni nguvu ya mguu. Tena, pingili moja ikikatika, baiskeli haiendi, hata kama pingili nyingine zote ni nzima. Basi ndivyo ilivyo sakiti. Betri ni mguu, waya ni njia ya mnyororo, taa ni gurudumu linalofanya kazi. Swichi ni mahali tulipopaweka makusudi ili tuweze kuikata njia na kuiunga tena.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa betri moja ya tochi, globu ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya. Waya mmoja utoke chini ya betri uguse ubavu wa globu. Wa pili utoke kichwani mwa betri uguse kitako cha globu. Taa itawaka. Ondoa waya mmoja, itazimika mara moja. Kisha kata waya mmoja, na katika nafasi ile uweke msumari, halafu kijiti kikavu, halafu kipande cha plastiki, halafu sarafu. Watoto wataona wenyewe kuwa madini huupitisha umeme, na mti mkavu na plastiki huuzuia. Ndiyo sababu waya hufanywa kwa shaba au aluminiamu, na kuvikwa plastiki. Lakini jambo hili lifanywe kwa betri ya tochi tu. Mtoto asijaribu kamwe kwa soketi ya ukutani.

Globu mbili zaweza kuungwa kwa namna mbili. Zikifuatana katika njia moja, hugawana nguvu ya betri na kufifia, na moja ikiungua zote huzimika. Hiyo ni sakiti mfululizo. Zikiwa kila moja ina njia yake ya kwenda na kurudi, moja ikiungua nyingine haina habari. Hiyo ni sakiti sambamba. Nyumba zetu zimeungwa kwa namna hii ya pili, na kwa hiyo taa ya jikoni ikifa ya sebuleni huendelea kuwaka.

VOLTI, AMPEA NA OMU

Kuna vipimo vitatu ambavyo kila mwanafunzi hana budi kuvijua. Volti hupima msukumo, yaani nguvu ya mguu juu ya pedeli. Jina hili limetokana na Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Ampea hupima wingi wa mkondo unaopita. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alieleza mwaka 1827 jinsi vitatu hivi vinavyofuatana: gawanya volti kwa omu, utapata ampea.

Betri ya tochi ina volti 1.5. Soketi ya nyumbani ina volti 230. Basi jiko lenye ukinzani wa omu 46 litapitisha ampea 5, maana 230 ukigawanya kwa 46 ni 5. Tena ukizidisha volti kwa ampea utapata wati, ndicho kipimo cha kazi: 230 mara 5 ni wati 1,150. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ni yuniti moja ya LUKU. Taa ya zamani ya wati 100 hula yuniti moja kwa saa 10. Taa ya LED ya wati 10 hukaa na yuniti hiyo hiyo kwa saa 100. Mwenye nyumba na achague.

UMEME HUTOKA WAPI

Mwaka 1831 Faraday wa Uingereza aligundua kuwa sumaku ikijongea karibu na koili ya waya huamsha umeme katika waya ule. Mashine zetu kubwa hufuata kanuni hiyo. Kidatu, katika mto wa Ruaha Mkuu, maji huzungusha mitambo ya megawati 204. Katika mto Rufiji kuna bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Kinyerezi, si mbali na Kipawa, kinachozungusha mitambo ni moto wa gesi iliyochimbwa pwani ya kusini.

Kutoka Kidatu umeme husafirishwa kwa volti 220,000. Kwa nini msukumo mkubwa namna hiyo? Kwa sababu mkondo upitao katika waya huutia joto, na mkondo ukizidi mara mbili joto huzidi mara nne. Kwa hesabu nyepesi, wati milioni moja kwa volti 230 zataka ampea zaidi ya 4,300. Kwa volti 220,000 ampea tano hazitimii. Karibu na mji transfoma huupunguza msukumo hatua kwa hatua, hata ukafika nyumbani kwa volti 230.

Umeme huu hauendi upande mmoja kama wa betri, bali huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Asishangae mtu, msumeno nao huenda na kurudi, na ubao hukatika.

HESABU YA NYUMBA ILE

Sasa turudi Kipawa. Jioni ile palikuwa na jiko la wati 2,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000. Jumla ni wati 5,000. Zigawanye kwa volti 230, utapata karibu ampea 22. Fyuzi iliandikwa ampea 15. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uyeyuke mkondo unapozidi, ili njia ikatike pale pasipo na hatari, kabla waya za darini hazijapata moto. Basi fyuzi haikuwa na kosa. Kila jioni ilikuwa ikituambia kweli, nasi tulichukizwa nayo. Tulipoweka shaba nene mahali pake tulimnyamazisha mlinzi, na joto likatafuta mahali pengine pa kuunguza.

Iliyofaa ilikuwa kupika kwa zamu, au kumwita fundi mwenye leseni aweke njia ya peke yake kwa ajili ya majiko. Baada ya moto tulifanya hivyo, na gharama ya fundi tuliigawana vyumba sita. Nyumba nyingi za leo zina sakiti breka badala ya fyuzi ya waya. Kazi yake ni ile ile. Ikijizima, mtu asiirudishe kwa nguvu wala kuifunga kwa kamba, atafute sababu.

MWILI WA MTU NA WAYA WA ARDHINI

Mwili wa mtu nao hupitisha umeme. Ngozi kavu ina ukinzani mwingi, lakini ngozi yenye maji au jasho ukinzani wake hupungua sana, hata ukaweza kufika omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata sehemu 230 za elfu ya ampea. Na sehemu 30 tu za elfu zaweza kumwua mtu. Kwa hiyo asiguse swichi mwenye mikono iliyolowa, wala asianike nguo juu ya waya za umeme.

Mafundi huweka waya tatu: wa kuleta umeme, wa kuurudisha, na wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, uliofungwa katika nondo iliyochimbiwa chini. Jiko au pasi ya chuma ikiharibika ndani, umeme hupata njia nyepesi ya kushuka ardhini, na fyuzi hukatika. Anayeukata waya huu, kwa kuwa taa huwaka hata bila yake, aufanya mwili wa mtu kuwa njia badala yake.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike, maana utanaswa nawe. Zima swichi kubwa kwanza. Ikiwa haiwezekani, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu, kisha apelekwe hospitali. Waya wa nguzo ukianguka, usiukaribie wala usiuguse kwa mti wala kwa kitu chochote. Wazuie watoto na ng'ombe mbali nao, na uwaite TANESCO. Wakubwa wa mitaa wasiwaache watu kujiunganishia umeme kwa jirani kwa waya za kupita juu ya mabati. Anayefanya hivyo adhani kuwa ameokoa fedha, kumbe ameweka rehani roho za nyumba mbili.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Ndege hukaa juu ya waya mmoja wa nguzo asidhurike. Kwa nini? Fikirini habari ya njia ya duara.
2. Pasi ya wati 1,150 hupitisha ampea ngapi kwa volti 230?
3. Mama mmoja ana yuniti 6 za LUKU. Jiko lake ni la wati 1,500. Atapika kwa saa ngapi?
4. Nendeni nyumbani mkahesabu wati za vyombo vyote vinavyotumika jioni, mkalinganishe na namba iliyoandikwa katika fyuzi au breka. Jibu la swali hili waambieni wazazi wenu usiku huo huo, msingoje kuulizwa na mwalimu.