Somo: Nani Aruhusiwe Kutaja Taasisi Yako?

Katika vihamba vya Uchagani, masale huonyesha mpaka; jirani hapandi mgomba ndani yake bila idhini ya mwenyewe. Kanzidata ya AFRINIC, sajili ya anwani za intaneti barani Afrika yenye makao Mauritius, nayo ina mpaka. Kumbukumbu ya kila taasisi huwa na kipengele «mnt-ref», kinachobainisha wanaoruhusiwa kuitaja katika kumbukumbu nyingine. Pasipo ulinzi huo, mgeni angeweza kuandikisha anwani kwa jina lako, na lawama za utapeli zikakufikia wewe.

Iwapo chuo, hospitali au kampuni yako mjini Moshi imesajiliwa humo:

1. Mwulize fundi wako ni nani aliyetajwa katika kipengele hicho.
2. Linda nywila zake.
3. Mhusika akiacha kazi, zibadilishe siku hiyohiyo.