Tumbo Linalouma Siku za Hisabati: Hofu ya Somo na ya Mwalimu kwa Jicho la Tiba

Katika kliniki ya watoto upo ugonjwa unaofuata ratiba. Mama humleta kijana wa kidato cha pili anayelalamika kwamba tumbo linamkata kuzunguka kitovu. Maumivu huanza alfajiri, hupungua kufikia saa sita mchana, na hutoweka kabisa siku ya Jumamosi na wakati wa likizo. Kijana amekwisha kupimwa malaria mara tatu, amepewa dawa za minyoo mara mbili, na kwenye duka la dawa ameuziwa vidonge vya vidonda vya tumbo. Hakuna kilichosaidia. Nikimwuliza mama maumivu hutokea siku gani, hufikiri kidogo, kisha hujibu kwamba ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Ndipo humgeukia kijana mwenyewe: "Siku hizo mna vipindi gani, mwanangu?" Huinamisha kichwa. "Hisabati, daktari." Na mwalimu je? Hapo hajibu, hutazama mlango.

Simulizi hili si la mtoto mmoja. Nimelikusanya kutoka kwa wengi, na ninalieleza hapa kwa sababu wahudumu wengi hulipita bila kuliuliza, na wazazi wengi hulimaliza kwa kusema, "Anasingizia huyu."

Hasingizii. Utumbo una mtandao wake mpana wa neva, unaowasiliana na ubongo muda wote. Mtu anapoogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotiso. Moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho, damu huelekezwa kwenye misuli kana kwamba kuna mnyama wa kukimbia, na utumbo hubadilisha mwendo wake wa kawaida. Wengine huharisha, wengine hutapika, wengine husikia maumivu ambayo siku nyingine wasingeyasikia. Picha ya mionzi haitaonyesha kitu na kipimo cha damu kitakuwa safi, lakini maumivu ni ya kweli sawa na ya mtu aliyejikata kisu.

Hata hivyo, mhudumu wa afya asikimbilie kusema ni hofu kabla ya kumchunguza mtoto. Maumivu yanayomwamsha usingizini, kupungua uzito, damu katika choo, homa isiyokwisha, kutapika mfululizo, maumivu yaliyo mbali na kitovu hasa upande wa kulia chini: hayo yote yanataka uchunguzi kamili. Katika mazingira yetu pima mkojo na choo, na usisahau ugonjwa wa selimundu. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: pima macho na masikio. Nimewahi kuletewa binti aliyeitwa mvivu kwa mwaka mzima kwa sababu alinakili 3 kama 8 na 1 kama 7. Alikuwa akikaa dawati la nyuma na haoni ubao. Miwani ilimaliza sehemu kubwa ya "uvivu" wake. Wapo pia watoto wachache ambao ubongo wao hupata shida ya pekee kuelewa wingi na namba, kama wengine wapatavyo shida ya kusoma maandishi. Inakadiriwa kuwa ni kati ya watoto 3 na 7 katika kila 100. Hao wanahitaji tathmini na ufundishaji wa namna yao, na fimbo haitawafikisha popote.

Baada ya hayo, turudi kwenye hofu yenyewe. Wataalamu wameiandikia kwa muda mrefu. Mwaka 1954 mwalimu wa Marekani, Mary Fides Gough, alieleza woga wa hisabati kama tatizo lenye jina lake, na mwaka 1972 Frank Richardson na Richard Suinn walitengeneza kipimo cha kuupima, chenye maswali 98. Wala si jambo la nchi maskini peke yake. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, takriban wanafunzi 6 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 kutoka nchi za OECD walisema kwamba mara nyingi huwa na wasiwasi kuwa vipindi vya hisabati vitawawia vigumu.

Swali la msingi ni hili: je, mtoto huogopa kwa sababu hajui, au hajui kwa sababu anaogopa? Mambo yote mawili ni kweli, na hilo la pili ndilo tusilolipa uzito. Jaribu kuzidisha 46 kwa 7 bila kuandika. Utazidisha 40 kwa 7 upate 280. Utaishika 280 kichwani huku ukizidisha 6 kwa 7 upate 42. Kisha utajumlisha upate 322. Mahali pale ulipoishika 280 ni kumbukumbu ya muda mfupi, mfano wa kibao kidogo ambacho ubongo huandika na kufuta papo hapo. Nafasi yake ni finyu. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba wasiwasi hukalia nafasi ile ile. Mtoto anayewaza "nikikosa atanipiga, wenzangu watanicheka" amekwisha kukijaza kibao, na 280 haina pa kukaa. Ndiyo maana mwanafunzi yule yule hupata jibu nyumbani na kulipoteza mbele ya ubao.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuwaeleza wazazi. Mwaka 2012 Ian Lyons na Sian Beilock waliangalia ubongo wa watu wenye hofu kubwa ya hisabati. Waligundua kwamba walipokuwa wakingoja kupewa hesabu, ziliamka sehemu za ubongo zinazohusika na kusikia maumivu ya mwili. Walipokuwa wakifanya hesabu yenyewe, hazikuamka hivyo. Kwa mgonjwa wetu, basi, saa mbaya zaidi ni ile ya alfajiri anapovaa sare za shule. Humaanisha vilevile kwamba kumbakiza nyumbani siku hiyo ni kumpa dawa mbaya. Tumbo hupoa mara moja, ubongo hujifunza kwamba kukwepa ndiko kupona, na kipindi alichokikosa huongeza pengo. Somo hili limejengwa kama ukuta. Ukiruka safu moja ya matofali, ya juu yake itayumba. Hapa Tanzania kuna safu moja inayowaangusha wengi nayo haitajwi sana. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa mambo yale yale kwa Kiingereza. Wapo wanaodhani wamesahau hesabu ilhali wamepotewa na lugha.

Sasa mwalimu. Ni lazima tutofautishe mwalimu mkali na mwalimu wa kutisha, maana watoto wenyewe huwatofautisha vizuri. Mwalimu mkali husahihisha kila daftari, hataki kazi ya kunakili, na ukimwuliza hujibu. Mwalimu wa kutisha ni yule ambaye swali kwake ni kosa. Nilifundishwa na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa akiingia darasani huku akigonga mlango kwa fimbo, kisha anatutazama mmoja mmoja akichagua nani ataitwa ubaoni. Hesabu alizijua vizuri sana. Ninachokumbuka kuhusu milinganyo ya mwaka ule ni sauti ya ule mlango.

Wapo watakaoniambia kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba bila fimbo wao wenyewe wasingefika walipo. Siwezi kubishana na maisha ya mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinairuhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe katika kumbukumbu. Kukosa jibu la hesabu si kosa la nidhamu. Nchi jirani ya Kenya imekwisha kuipiga marufuku adhabu hiyo. Mhudumu anayeona alama za kipigo kwenye mwili wa mtoto aziandike katika faili na kumwona afisa ustawi wa jamii. Lakini haki pia itendeke kwa walimu: wengi wana darasa la wanafunzi themanini au zaidi, mtaala wa kumaliza na matokeo ya kuulizwa. Baadhi yao wanatisha kwa sababu nao wanatishwa.

Mtoto afanye nini, naye mwalimu habadiliki kesho? Kwanza nawafundisha kupumua: vuta hewa polepole kwa puani, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara tano au sita, kabla ya kipindi kuanza. Hilo hupunguza mbio za moyo, na mtu anaweza kulifanya bila mwenzake kumwona. Pili, kabla ya mtihani aandike hofu zake kwenye karatasi kwa dakika kumi, bila kuficha, kisha aichane. Utafiti wa Gerardo Ramirez na Beilock uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuandika hofu namna hiyo kabla ya mtihani huwasaidia hasa wale wenye wasiwasi mwingi. Ni kana kwamba kile kibao kimefutwa kabla ya kazi.

La tatu ndilo kubwa, nalo halina njia ya mkato. Mtoto arudi nyuma hadi mahali alipoelewa kwa mara ya mwisho, hata kama ni darasa la tano, aanzie hapo kila siku kwa dakika ishirini. Mara nyingi aljebra inayomliza ni sehemu asizozijua. Kaka, dada, au mwanafunzi wa darasa la juu aweza kumsaidia kuliko tuisheni ya watu hamsini. Na swali la mwalimu alitayarishe kwenye daftari. Asiende kusema "sijaelewa," kwani neno hilo humfanya mwalimu aliyechoka aone kwamba ameambiwa afundishe upya. Aende nje ya kipindi, aamkie, aonyeshe kazi yake: "Shikamoo mwalimu. Nimefika hatua hii ya tatu, ila sijui hii alama ya kutoa imetoka wapi." Nimeshangazwa na idadi ya walimu wa kutisha ambao hujibu kwa upole mbele ya swali la namna hiyo, penye mtu mmoja na daftari moja. Asipojibu kwa upole, yupo mwalimu wa darasa, yupo wa malezi, na hapo ni zamu ya mzazi kwenda shuleni. Aende kuuliza, asiende kugombana. Nyumbani nako aache kusema, "Hata mimi hesabu zilinishinda." Husemwa kwa kufariji, lakini mtoto huisikia kama hukumu ya ukoo.

Dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi sizipendekezi kwa hali hii. Mtoto anayekataa kabisa kwenda shule, asiyelala, au anayesema afadhali afe, huyo aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenu wahudumu wenzangu, jambo hili haliishii kidato cha nne. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. 15 mara 12 ni 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Gawanya 180 kwa 120, zidisha kwa 5, utapata mililita 7.5. Ni hesabu ya darasa la sita. Nukta ikihama nafasi moja, mtoto hupata mililita 75, au hupata robo tatu ya mililita na homa haishuki. Kwa parasetamo huenda chupa yenyewe ikakushtua kabla hujakosea. Kwa mofini au digoksini hakuna kitakachokushtua.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika mzunguko wa wodi, nilimgeukia mwanafunzi wa uuguzi na kumwambia mbele ya wenzake na mama wa wagonjwa, "Haya, kokotoa, tusikie." Alikuwa ameshika bomba la sindano. Alitaja jibu lililozidi lile sahihi mara kumi. Nilimkemea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Jioni nilimkuta kwenye meza ya wauguzi ameifanya hesabu ile ile kwenye karatasi, safi, hatua kwa hatua. Nikamwuliza asubuhi kulitokea nini. "Nilikuwa naiona nukta, daktari," alisema, "halafu ukanitazama." Nilikumbuka mlango uliogongwa kwa fimbo.

Tangu siku hiyo, katika zamu zangu hesabu ya dawa ya mtoto haifanywi kwa mdomo. Huandikwa kwenye karatasi pamoja na uzito wa mtoto. Mtu wa pili huifanya upya bila kuona jibu la wa kwanza, kisha wanalinganisha. Majibu yakitofautiana dawa haivutwi, na hakuna anayeulizwa kwa nini amekosea mpaka mtoto awe amekwisha kupata dozi yake sahihi. Karatasi yangu nayo hupitia mkononi mwa mwanafunzi. Mara mbili wamenirudishia.