Mas-ala ya Mtu Aliyekosa Kazi na Haki Yake Katika Zaka

Hii ni mas-ala iulizwayo sana katika miji ya pwani, na majibu yatolewayo barazani mara nyingi ni ya dhana tu. Mtu mwenye afya na nguvu, kazi imemtoka si kwa kosa lake, na serikali haina fungu la kumpa: je, yafaa kupewa zaka? Walio wengi hujibu, "La, ana mikono miwili, na akafanye kazi." Jawabu hilo si la sharia, na madhara yake ni makubwa.

Kwanza na itazamwe hali yake. Kibarua wa bandari ya Kilindini hulipwa kwa siku. Siku isiyo na kazi haina mshahara. Mwezi wa Agosti 2019 serikali ya Kenya iliamrisha makontena yaendayo bara yachukuliwe kwa reli mpya, na amri hiyo haikutenguliwa mpaka Septemba 2022. Katikati yake, mwaka 2020, maradhi ya korona yakafunga hoteli. Madereva, matingo, mafundi wa magari, wapishi na mama ntilie wa njiani waliona chumo likikatika kwa pamoja. Na fedha za serikali ya Kenya ziitwazo Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilifanyiwa wazee waliotimiza miaka 70, mayatima na wenye ulemavu mzito. Kijana wa miaka 35 hamo. Kwa upande wa Tanzania Bara, sharia za mwaka 2018 zilimwekea aliyeachishwa kazi theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, lakini kwa aliyechangia katika mfuko si chini ya miezi 18. Basi hamali, mvuvi na mchuuzi, ambao hawakuandikwa katika daftari la mfuko wo wote, hawana cha kudai huko.

Ama wenye kukataza, hoja yao ni hadithi. Watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga, naye akigawa sadaka, wakamwomba. Akawatazama juu hata chini, akawaona ni wenye nguvu. Akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu mwenye kuchuma. Wasomao kwa haraka hushika neno la nguvu na kuliacha la pili. Neno la hadithi ni *muktasib*, yaani mwenye chumo, na nguvu peke yake si chumo: bega la hamali lisilo na mzigo halileti unga nyumbani. Na tena, Mtume hakuwafukuza watu wale. Aliwajuvya hukumu, akawaachia amana yao.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), naye ni tegemeo la madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wa pwani, amebainisha katika *Majmuu* kwamba mwenye uwezo wa kuchuma akikosa mtu wa kumpa kazi, zaka ni halali kwake. Amebainisha pia kwamba nyumba aikaayo mtu na nguo azivaazo hazimtoi katika ufakiri. Basi wale wasemao, "Ana nyumba ya mawe Mji wa Kale, na auze kwanza ndipo asaidiwe," wanamwamuru jambo ambalo sharia haikumwamuru. Mtu akiisha kuuza nyumba atapanga, na kodi itamla mpaka shilingi ya mwisho.

Hesabu yake ni nyepesi. Ambaye matumizi ya nyumba yake kwa siku ni shilingi 1,000, naye hapati kitu au apata 300, huyo ni fakiri. Apatae 700 ni maskini. Wote wawili wametajwa katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, na wapewacho ni haki yao katika mali ya tajiri. Si hisani atakayosimangiwa.

Na apewe kiasi gani? Hapa ndipo desturi ilipoiacha sharia mbali. Ramadhani ikifika, mbele ya maduka mengi hupangwa safu za watu juani, kila mmoja akapewa sarafu au noti moja, akaenda duka la pili. Jioni mwenye duka adhani ameitoa zaka, na yule mtu kesho yu vile vile, amezidi kuchoka miguu. Kauli ya Nawawi ni kwamba mwenye ufundi apewe thamani ya vyombo vya ufundi wake, vichache au vingi, na mfanya biashara apewe rasilmali ya biashara aijuayo. Ametoa na mifano: muuza mboga hutoshwa na dirhamu tano au kumi, na muuza johari huenda akahitaji elfu kumi. Kwa hukumu hiyo mvuvi apewe nyavu, fundi wa nguo apewe cherehani, na aliyekuwa hamali apewe mkokoteni uwe mali yake. Matajiri watatu wakikusanya zaka zao wakamsimamisha mtu mmoja, wamefanya zaidi ya kugawa sarafu kwa watu mia tatu. Na tajiri asimsahau ndugu yake wa tumbo moja, ambaye aghlabu husahauliwa kwa kudhaniwa kuwa hapewi. Wasiopewa kwa jina la ufakiri ni wale ambao kuwalisha ni wajibu juu yake, kama mwana na mzazi; ndugu si katika hao.

Haki hii haimwondolei mtu wajibu wake. Ansari mmoja alipokuja kuomba, Mtume (S.A.W.) alimwuliza kilichomo nyumbani mwake, kilikuwa tandiko na bakuli. Vikauzwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha watu wake na ya pili shoka, akaambiwa akate kuni asionekane siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Abdurrahman bin Auf naye, tajiri wa Makka, alifika Madina mikono mitupu. Alipopewa nusu ya mali ya mwenziwe aliuliza njia ya sokoni, akaanza na samli na jibini kavu. Aliyekuwa karani wa meli leo huona haya kuuza maji na vitunguu mbele ya waliomjua, na haya hiyo humpeleka kwenye balaa: hukopa kwa simu, fedha ikaja kwa dakika moja, na baada ya mwezi hudaiwa zaidi ya alichokopa. Hiyo ni riba, hata ikiitwa ada. Wengine huchukua dhahabu ya mke bila ya ridhaa yake. Dhahabu ile ni mali yake mwanamke. Akitoa kwa hiari ni ihsani, na akikopesha ni deni.

Nafaka ya mke haianguki kwa mume kukosa kazi. Juu ya mume fakiri ni mudi moja ya chakula kila siku; akishindwa, mke aweza kusubiri, na chakula kile kikawa deni juu ya mume, au kwenda kwa kadhi, akampa mume muhula wa siku tatu kabla ya kufasikhi ndoa. Ndoa ngapi zaweza kusalimika kwa cherehani moja iliyotolewa kwa wakti wake!

Ama kuogopa waongo, Mtume (S.A.W.) alimwambia Kabisa bin Mukhariq kwamba aliyepatwa na ufakiri ni halali kwake kuomba, wakishuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake, mpaka apate cha kumsimamisha. Watu watatu hawakosekani katika mtaa wo wote. Imamu wa msikiti na wazee wawili waweza kumwendea mwenye duka kwa siri, usiku, wakamtajia jina, kazi aijuayo na bei ya chombo chake, na mwenyewe asisimame juani.