Mwanangu, usizing'oe, zikate

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 29, niliolewa mwaka juzi. Shida yangu ni ndevu. Zilianza chache nikiwa chuoni, sasa zimejaa chini ya kidevu na kushuka shingoni, nyeusi na ngumu. Kila alfajiri mume wangu akienda msikitini najifungia bafuni na kibano, nang'oa, kisha napaka poda. Kidevu kimejaa vipele na madoa meusi. Vipele vingine navitumbua kwa pini ili nitoe unywele uliojikunja ndani. Kwa madoa napaka krimu niliyouziwa sokoni, haina lebo, lakini inang'arisha. Juzi rafiki yangu ameniletea kifaa cha mkono chenye springi. Anasema ni salama kabisa kwa sababu hakina umeme wala dawa. Je, nikitumie? Wembe naogopa, mama alinionya kwamba nikinyoa mara moja tu zitaota za kiume. Hedhi yangu nayo tangu zamani ni ya kuja na kupotea, nakaa hata miezi mitatu, ila hilo nimeshalizoea. Naomba usinitaje jina.

Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu. Jina lako halitatoka hapa. Nimeumia kusoma habari ya pini, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakianza hicho kifaa kipya.

Kidevuni usikitumie. Rafiki yako hakukudanganya, springi ile haina sumu wala makali. Ni waya mwembamba uliosokotwa, una mishikio miwili. Unaupinda, unaulaza juu ya ngozi, unazungusha mishikio kwa vidole. Upande wa nje wa pindo nafasi za springi hufunguka na unywele ukaingia; springi ikizunguka kuja upande wa ndani, nafasi hujifunga, ikaubana unywele na kuung'oa. Mwanamke mwenye malaika laini juu ya mdomo anaweza kukitumia miaka na miaka asidhurike, mbali na maumivu ya dakika mbili tatu. Lakini kazi yake ni ile ile ya kibano, kung'oa, tena kinang'oa nyingi kwa mpigo. Na kung'oa ndiko kulikokuletea vipele.

Nywele za wengi wetu weusi zimepinda tangu shinani, ndani ya ngozi. Ukiung'oa unywele mgumu wa namna hiyo, mara nyingi haukubali kutoka mzima. Hukatikia chini ya ngozi, na kipande kilichobaki kinaendelea kukua humo humo. Hata ukitoka na shina lake, ule unaofuata huja na ncha kali, ukapita kwenye ngozi ambayo tayari imevimba, ukakosa tundu na kutoboa pembeni. Kwa mwili, unywele huo ni mwiba. Mwili unaushambulia, mahali panavimba, usaha unakusanyika, na wewe unaongeza pini. Kidonda kikipona, ngozi yetu inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Kwa baadhi ya watu kovu huvimba likawa keloidi, na kwenye taya na kidevu keloidi huota kwa urahisi sana. Tatizo lako ni lile lile la wanaume wanaotoka vipele shingoni kila wakinyoa ndevu. Tofauti ni kwamba wao hulisema wazi kwa kinyozi na wewe unalificha kwa poda.

Kifaa ninachokushauri ununue ni mashine ndogo ya kunyolea nyusi na uso, ile nyembamba inayotumia betri moja. Maduka ya vipodozi wanayo. Angalia kichwa chake: makali yawe yamefunikwa na meno butu, yasiguse ngozi moja kwa moja. Mashine hiyo hukata unywele na kuacha kisiki kifupi, milimita moja au pungufu, nje ya ngozi. Usikichukie kisiki hicho. Maadamu ncha imebaki nje, unywele haupati nafasi ya kutoboa ngozi kutoka ndani, na ukikata kila siku moja au mbili haufiki urefu wa kujikunja na kurudi ngozini. Sitakuficha, ukipitisha kidole utahisi ukwaru, na ulaini ule wa siku ya kung'oa hutaupata. Lakini wanafunzi wako hawakupapasi kidevu. Watakachoona ni ngozi iliyotulia.

Toka bafuni, nenda dirishani penye mwanga wa asubuhi, na kioo chako. Osha kidevu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyowasha, kisha kausha vizuri, maana mashine hizi hufanya kazi kwenye ngozi kavu. Pitisha kidole kwanza ujue nywele zimelala upande gani, kwa sababu za kidevuni na za shingoni hazielekei pamoja. Fuata ulalo wake. Usiivute ngozi ikakaza wala usigandamize mashine ili ikate chini zaidi. Nywele zikikatwa ngozi ikiwa imekazwa, ukiiachia zinazama ndani, na unakuwa umerudi ulikotoka. Ukimaliza, piga brashi kichwa cha mashine na kifute kwa spiriti ya asilimia 70. Usiiazimishe, hata kwa dada yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu linalovibeba linaweza kuwa dogo hata lisionekane kwa macho. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ukienda saluni kutinda nyusi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako.

Kwa wiki nne za mwanzo, kibano na pini vifungie. Vipele vilivyopo vikande kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ya kustahimilika, dakika kumi hivi, jioni. Unywele mwingi uliojikunja hujitokeza wenyewe ukirefuka. Ukiona kitanzi chake kimechomoza juu ya ngozi, kiinue taratibu kwa ncha safi, uuache hapo hapo bila kuung'oa. Ambao haujatoka, usiufukue. Najua mkono utawasha kufanya hivyo, hasa wiki ya pili.

Alichokuambia mama yako wameambiwa wasichana wengi, na mama alikisema kwa kukupenda. Lakini wembe hauna habari na shina la unywele, linakaa chini mno. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya kunyoa. Hakuona nywele zikiongezeka unene, wala weusi, wala kasi ya kuota. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujakatwa huchongoka mwishoni, uliokatwa huwa butu, ukiugusa unauona mnene. Na zako zimekuwa zikiongezeka miaka yote hii bila wembe kugusa uso wako, kwa sababu ya homoni, ambayo nitaifikia.

Njia nyingine nazipita haraka. Kutinda kwa uzi na halawa ya sukari na ndimu ni kung'oa vilevile. Miguuni na mikononi sina neno nazo, kidevuni mwako hapana. Krimu za kuyeyusha nywele huunguza uso kwa urahisi, sembuse uso wenye vipele vibichi. Vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani usivijaribu ikiwa ngozi yako ni nyeusi sana, kwa kuwa mwanga ule hutafuta rangi, na hauwezi kutofautisha rangi ya unywele na ya ngozi. Leza ya hospitali ni jambo jingine. Ipo aina ya Nd:YAG, ya nanomita 1064, ambayo hupita ngozi nyeusi bila kuiunguza ikiwa mkononi mwa anayeijua. Ni ghali, hurudiwa mara nyingi, na homoni zisipotulizwa nywele hurudi.

Sasa hiyo krimu isiyo na lebo. Hii iache, mwanangu, na naomba unisikilize kwa makini hapa kuliko mahali pengine. Krimu nyingi za kung'arisha za namna hiyo, na mikorogo ya nyumbani, huchanganywa dawa kali za jamii ya steroidi kama clobetasol. Nyingine zina hidrokwinoni au zebaki. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na laini, ndiyo maana mwanzoni mtu hujiona amependeza. Ikipakwa muda mrefu usoni huleta chunusi, na huotesha nywele. Huenda basi sehemu ya ndevu unazozing'oa alfajiri unaziotesha mwenyewe jioni. Ngozi iliyokonda hivyo ukiivuta kwa halawa au springi inaweza kutoka nayo. Ukiiacha krimu ghafla uso unaweza kuwaka, kuwa mwekundu na kuwasha kwa wiki kadhaa. Usiirudie ili kuutuliza. Libebe kopo lake na umpelekee daktari wa ngozi. Ukiambiwa huko kwenu hayupo, ulizia rufaa ya KCMC, Moshi, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda wetu huu. Madoa nayo yana dawa halali. Asidi ya azelaiki, kwa mfano, huyafifisha taratibu na hata mjamzito huruhusiwa kuitumia.

Habari ya hedhi umeiweka mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, na ukasema umeizoea. Mimi ningeanzia hapo. Ndevu ngumu kwa mwanamke kijana, pamoja na hedhi inayokaa miezi mitatu, ni dalili mbili zinazokwenda pamoja kwenye hali ya ovari ambayo madaktari huiita kwa kifupi PCOS. Inampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kwamba wanayo. Si laana, na hukuileta wewe kwa kula au kuvaa kitu. Mwili unatengeneza homoni za kiume kupita kiasi kidogo, yai halipevuki kwa wakati, nywele zinaota kidevuni. Lakini haifai kuachwa. Tumbo la uzazi likikaa miezi bila kujisafisha, ukuta wake huwa mnene na baada ya miaka hatari ya saratani huongezeka. Kisukari nacho hupenda kuifuata hali hii.

Daktari wa wanawake atakupima damu: homoni za kiume, tezi ya shingo, prolaktini, sukari. Miongozo ya kimataifa ya 2023 inasema kwamba kwa mwanamke mtu mzima mwenye dalili mbili zilizo wazi kama zako, baada ya magonjwa mengine kuondolewa, ultrasaundi si lazima. Kwa hiyo kukosa pesa ya ultrasaundi kusikuzuie kwenda. Matibabu ya kawaida ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vinavyopanga hedhi na kupunguza homoni za kiume. Kwa ndevu utasubiri miezi sita hivi ndipo uone tofauti, na kwa muda wote huo mashine yako ya betri itakuwa inafanya kazi yake. Hukusema kama mnatafuta mtoto, nami sikuulizi kwa udadisi, lakini daktari lazima umwambie. Mkitafuta mtoto vidonge hivyo havifai, na spironolactone, dawa nyingine ya ndevu, ni hatari kwa mimba. Zipo dawa za kusaidia yai kupevuka, na wanawake wengi wenye PCOS wamezaa.

Huenda pia ukasikia habari za krimu ya eflornithine, inayopunguza kasi ya ndevu kuota. Dawa hiyo ilikubaliwa mwaka 1990 kutibu malale, ikawainua watu waliokwisha kuzama usingizini, Congo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Miaka michache baadaye utengenezaji wake ulisimama kwa kukosa faida, hadi 2001 yalipofikiwa makubaliano ya kuitengeneza tena kwa ajili ya wagonjwa. Katikati ya hapo, mwaka 2000, ilikuwa imeidhinishwa Marekani kama krimu ya uso ya wanawake. Mimi hadithi hiyo huniuma kila nikiikumbuka. Kwako wewe, ukiipata kwa cheti cha daktari si mbaya, ila haiondoi unywele, inauchelewesha tu, na ukiiacha unarudi kasi yake.

Kuna dalili za kukimbilia hospitali wiki hiyo hiyo: ndevu kuongezeka ghafla kwa miezi michache, sauti kuwa nzito, nywele za mbele ya kichwa kupukutika. Hizo zinaweza kuashiria uvimbe kwenye ovari au tezi iliyo juu ya figo. Kwa ulivyoeleza sizioni kwako, zako zimekuja polepole tangu chuoni.

Mumeo mwambie. Chagua jioni tulivu, mwambie kwa maneno machache kwamba una tatizo la homoni, linaotesha ndevu, na unakwenda hospitali. Mambo ya hedhi na mtoto yanawahusu nyote wawili, na kuamka kila siku kwa kumvizia atoke kunakuchosha kuliko ndevu zenyewe.

Kabla ya siku ya kliniki, andika kwenye karatasi tarehe za hedhi zako unazozikumbuka za mwaka huu na uliopita, uende nayo pamoja na kopo la krimu. Siku nne au tano kabla ya hapo usizikate ndevu. Vaa mtandio ukitoka, ziache ziote, ili daktari aone ni ngumu kiasi gani na zimefika wapi.